Mama, gari la Japani, mbona hela inaenda Uingereza?

Kijana wa dirishani aliisoma fomu yangu mara mbili, akainua macho. "Mama, samahani. Hili gari si umesema linatoka Japani? Mbona hela inaenda Uingereza?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma asubuhi ileile kwenye simu, nikalimeza bila kutafuna. Nikamwambia, kwa ile sauti yetu wahasibu ya kumwonyesha mtu kwamba unajua unachokifanya: "Akaunti yao ya Japani iko kwenye ukaguzi, mwanangu. Wamenipa ya tawi lao la Ulaya. Wewe endelea tu."

Akaendelea. Akagonga muhuri, akanipa nakala yangu ya TT, ile fomu ya kutuma hela nje. Nikatoka pale nimetua mzigo, nikanunua na dafu nje ya benki. Dola 1,920 zilikuwa zimeondoka, na zilipokwenda hazikurudi.

Yule kijana namkumbuka kila nikiingia kwenye lile tawi. Kati ya watu wote walioshika ile karatasi, ni yeye peke yake aliyeona. Na mimi, mama mtu mzima mwenye miaka kumi na tisa kwenye vitabu vya hesabu, ndiye niliyemnyamazisha.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana mwenye kisa hiki si bibi kizee aliyepewa simu jana. Ni mhasibu wa duka la jumla hapa Tanga: mafuta ya kula, sabuni, unga wa ngano. Kwenye ukoo mimi ndiye ninayeulizwa. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani" zinaletwa kwangu kama maiti kwa daktari, nami nasema "futa hiyo". Nimewafundisha mama na shangazi zangu kuzipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na kupiga *106# kuangalia kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ndiyo maana nilipopigwa mimi, ukoo mzima ulikaa kimya siku mbili. Hawakujua nani atampa pole nani.

Gari lenyewe lilikuwa la mdogo wetu wa mwisho. Yuko Dar es Salaam, na kwa miaka minne alikuwa anaendesha IST ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, abiria wawepo wasiwepo. Tukakaa ndugu tukasema huyu mtoto tumnunulie lake. Kaka aliyeko Mwanza akatoa, mama akatoa pesa ya mgao wake wa kikoba, mimi nikakopa SACCOS. Tukalipata moja kwenye mtandao wa kampuni ya Japani: Toyota IST ya 2005, rangi ya fedha, dola 3,920 pamoja na kulisafirisha mpaka bandari ya Dar es Salaam. Masharti yalikuwa ya kawaida: nusu ulipe mwanzo, nusu nyingine meli ikishaondoka na ukishaonyeshwa nakala ya B/L, hati ya meli kwamba gari limepakiwa. Nusu ya kwanza nilituma Septemba 2023. Ikafika, wakathibitisha, nikaletewa picha za gari likiwa bandarini kwao.

Naomba msomaji aishike hiyo nusu ya kwanza. Ilifika. Kwa hiyo mimi sikutapeliwa na kampuni hewa, na yale mashauri ya "hakikisha kampuni ipo" yasingenisaidia kitu. Kampuni ilikuwepo, gari lilikuwepo, yule binti wa mauzo niliyekuwa nikiandikiana naye alikuwepo, na leo hii yupo bado.

Waliokuwa wanaagiza mali mwaka ule wanakumbuka dola zilivyoadimika. Unaingia benki na shilingi zako, unaambiwa hakuna, njoo wiki ijayo. Nilizungushwa wiki mbili. Jumatatu moja mchana nikapigiwa kwamba zimepatikana, nikamwandikia yule binti palepale kwa furaha: nimepata dola, kesho naingia benki kukumalizia.

Usiku ule, saa nne na dakika kumi, jibu likaja.

Lilikuja ndani ya mazungumzo yetu yaleyale. Chini yake kulikuwa na barua zote tulizoandikiana tangu Agosti, mpaka swali langu la kijinga kama gari litakuja na tairi la akiba. Jina la juu ni la yule binti. Kiambatisho kilikuwa profoma mpya, yaani ankara ya kulipia, yenye nembo ileile, muhuri mwekundu uleule, namba ya chasisi ileile. Ameniambia akaunti yao ya kawaida iko kwenye ukaguzi na malipo yakiingia huko yatashikiliwa, kwa hiyo nitumie ile ya tawi la Ulaya iliyoko kwenye profoma mpya. Na kwa usumbufu huo, nikilipa ndani ya siku mbili napunguziwa dola 40.

Hizo dola 40 ndizo zilizonimaliza. Mtu aliyehangaika wiki mbili, halafu anapunguziwa!

Kuna jambo dogo nililiona na kulipuuza. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Saa nne ya usiku Tanga ni saa kumi ya alfajiri kwao. Barua zote za yule binti zilikuwa zinaingia kati ya usiku wa manane na adhuhuri yetu, kwa sababu ndizo saa zake za kazi. Hii ilikuja akiwa amelala. Nilijisemea maskini, wanamfanyisha kazi usiku. Nikamwonea na huruma.

Jumanne nikalipa. Jumatatu iliyofuata, asubuhi nikifungua duka, simu ikalia meseji ya WhatsApp. Yule binti. Anauliza kwa adabu zao zile: mama, tumekuandikia mara tatu kuhusu salio, kuna tatizo? Nikashangaa. Mara tatu wapi? Nikampiga picha ile nakala ya TT, nikamtumia. Akaona. Akakaa kimya muda mrefu, neno la kwamba anaandika likitokea na kupotea. Kisha akaniletea sentensi moja: hii si akaunti yetu.

Nilifunga mlango wa ofisi. Nikazitoa profoma zote mbili, ya Agosti na ya Oktoba, nikazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Ukiziweka hivyo hata mtoto anaona. Ya kwanza ilikuwa na akaunti ya tarakimu saba, fupi, kama zilivyo akaunti za kawaida za Japani. Ya pili ilikuwa na ule mkufu mrefu wa herufi na tarakimu 22, unaoanza na GB. Japani hawatumii mfumo huo kabisa. Halafu ule msimbo wa SWIFT, utambulisho wa benki kwenye malipo ya kimataifa, ambao sisi huunakili kama namba ya bahati nasibu bila kuusoma: herufi nne za mwanzo ni za benki, na ya tano na ya sita ni za nchi. Kwenye ya kwanza, ya tano na ya sita zilikuwa JP. Kwenye ya pili, GB. Miaka kumi na tisa nimejaza fomu hizo dukani, na sikuwahi kujua kwamba nchi imeandikwa pale wazi kama bango la kituo cha basi. Kijana wa dirishani alijua.

Kisha nikaiangalia anwani ya barua pepe yenyewe. Kwenye simu huoni anwani, unaona jina tu. Inabidi ugonge juu ya jina ndipo anwani ijifunue. Nikagonga. Kwa macho yangu ilikuwa ileile. Nikavaa miwani, ileile. Nikaiandika kwenye karatasi herufi moja moja kwa kalamu, na hapo ndipo mkono uliona kile ambacho jicho halikuona. Jina la kampuni lina herufi m katikati. Mwizi hakuandika m. Aliandika r na n, zimebanana. Jaribu mwenyewe kwenye simu yako, andika r kisha n, zisogeze mbali kidogo na uso. Aliisajili anwani hiyo makusudi, kwa ajili ya watu kama mimi wanaosoma barua huku wanahesabu katoni.

Mpwa wangu anasoma chuo, mambo ya kompyuta. Alikuja jioni na kompyuta yake, akaniambia nifungue barua pepe yangu humo. Nilitarajia aanze kuwatukana Wajapani. Yeye akauliza: "Mama mkubwa, paswedi yako anaijua nani?"

"Mimi na Mungu wangu."

Akaingia kwenye mipangilio, upande wa vichujio, akanionyesha. Kulikuwa na kichujio kimoja ambacho mimi sikukiweka. Sikujua hata kama kuna kitu cha namna hiyo. Kilisema: barua yoyote kutoka anwani halisi ya ile kampuni isipite kwenye inboksi, iwekwe alama kwamba imeshasomwa, ihifadhiwe pembeni. Akafungua huko pembeni. Zile barua tatu zilikuwa zimekaa zinanisubiri.

Ya kwanza ilikuwa ya Jumanne alfajiri, saa chache kabla sijaenda benki. Yule binti anasema amefurahi kusikia nimepata dola, na kwamba akaunti ni ileile ya mwanzo.

Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hiyo mwizi hakuwa nje akibisha. Alikuwa ndani ya sanduku langu miezi miwili, anasoma, ametulia, anasubiri siku nitakayoandika kwamba hela ipo. Aliponisikia nikisema kesho naingia benki, akaandika. Mama alipoelezwa alisema kikulacho ki nguoni mwako, na ingawa mama ana methali kwa kila jambo hata mchuzi ukizidi chumvi, hiyo ilikaa mahali pake.

Aliingiaje? Ilibidi nirudi nyuma mpaka Agosti. Ilikuwa mchana dukani, lori limefika, natia sahihi huku nashika simu. Ikaingia barua: sanduku lako limejaa asilimia 98, barua zako zitaanza kufutwa baada ya saa 24, bonyeza hapa kuongeza nafasi. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa kuingilia unaofanana kabisa na ule ninaoujua. Nikaweka paswedi. Ikakataa, ikasema umekosea. Nikaweka ile nyingine ninayoitumia kwingine. Ikakubali, ikanipeleka kwenye barua zangu kama kawaida, nami nikarudi kwenye lori. Mpwa wangu alipoisikia hiyo akafumba macho. Ule ukurasa haukuwa umekataa kitu, akasema. Huwa unakataa mara ya kwanza makusudi ili mtu aingize tena kwa uangalifu, au atoe na ya pili. Mimi nilitoa zote mbili.

Kwenye orodha ya vifaa vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti yangu kulikuwa na simu yangu, na kompyuta ya Windows. Sina kompyuta ya Windows. Ya dukani sijawahi kuingilia barua zangu binafsi.

Benki walinipokea vizuri, ila nilikuwa nimechelewa siku sita. Wakatuma kwa njia ya SWIFT ombi la kuirudisha fedha. Lakini ni ombi tu: benki ya upande wa pili inaangalia kama kuna kitu kimebaki, na inamuuliza mwenye akaunti. Baada ya wiki tatu jibu likaja kwamba akaunti haina salio. Ofisa mmoja aliniambia ningekuja siku ileile, au hata kesho yake asubuhi, kungekuwa na matumaini, maana hawa huihamisha hela mara inapoingia. Polisi nikapata RB, ile namba ya taarifa, nikaandika maelezo kurasa nne chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Jalada lipo.

Swali lililonisumbua sana kama mhasibu ni la jina. Kwenye fomu niliandika jina la kampuni ya Japani kama lilivyo. Akaunti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mbona haikugoma? Nikaelezwa kwamba hela inayovuka mipaka huongozwa zaidi na namba ya akaunti. Jina mara nyingi halilinganishwi na chochote. Fikiria hilo. Ukimtumia mama mboga shilingi elfu tano kwa simu, jina lake linatokea kwanza, unaulizwa una hakika, ndipo unaweka namba ya siri. Ukituma mamilioni nchi za nje, hakuna anayekuonyesha jina la anayepokea. Tumezoea ulinzi wa elfu tano, tukadhani na milioni tano zinao.

Nilipoanza kusoma mambo haya nikakuta barua pepe yenyewe ilijengwa hivyohivyo. Kanuni za kupeleka barua pepe ambazo bado zinatumika mizizi yake ni ya 1982, wakati waliokuwa kwenye mtandao ni watafiti na vyuo, wanajuana. Hakuna aliyeweka askari wa kuuliza kama anayejiita fulani ndiye fulani. Ni kama bahasha ya posta: nikiandika nyuma yake kwamba inatoka Ikulu na sanduku la posta la huko, mhudumu wa posta atagonga stempu na kuipeleka. Miaka ya karibuni wameongeza mihuri ya kuthibitisha, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawalazimisha wanaotuma barua kwa maelfu kuwa nayo. Ni jambo jema. Ila muhuri unathibitisha tu kwamba barua imetoka kwenye anwani iliyoandikwa. Yule mwizi wangu mwenye r na n angeweza kuwa na mihuri yote, maana anwani ilikuwa yake kihalali, ameilipia.

Utapeli wa namna hii si wa wajinga, na nasema hivyo bila kujitetea. Kuna Mlithuania aitwaye Evaldas Rimasauskas, kati ya 2013 na 2015 aliwatumia Google na Facebook ankara kwa jina la kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa kweli. Alisajili kampuni yenye jina hilohilo Latvia, akafungua akaunti, akaandika barua. Wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani Desemba 2019, miaka mitano. Na FBI kwa mwaka 2023 peke yake walihesabu hasara ya dola bilioni 2.9 kwenye malalamiko waliyopelekewa ya barua za namna hii, za ankara na akaunti zilizobadilishwa. Nilipomsomea kaka yangu wa Mwanza kwenye simu akanyamaza, kisha akasema, "Sawa dada, lakini Google hawakukopa SACCOS."

Watu wananiambia, si ungeangalia makosa ya Kiingereza? Huo ushauri umepitwa na wakati, na kwangu ulikuwa kinyume. Barua ya mwizi ilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko cha yule binti. Barua zake halisi zina makosa yake niliyokwisha kuyazoea, anasahau herufi ndogondogo, anamaliza kila barua kwa shukrani ileile. Ile ya usiku ilikuwa imenyooka. Kama kuna kitu kilistahili kunishtua ni ule unyoofu. Na siku hizi mashine zinaandika lugha zote, hata Kiswahili chetu, kwa hiyo anayesubiri tapeli akosee tahajia atasubiri sana.

Ila lugha bado inasema kitu ukiwa unamjua mtu. Mwaka jana nikiwa dukani iliingia barua pepe kutoka kwa bosi wangu, jina na picha yake: "Habari za asubuhi mpendwa, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima wa afya. Niko kwenye kikao, naomba ushughulikie malipo ya haraka kwa niaba yangu." Bosi wangu! Mzee yule tangu niajiriwe hajawahi kuniita mpendwa, na hajawahi kuniuliza afya yangu kwa maandishi. Akiwa na shida anapiga simu, anasema "Mama, ile kitu vipi?" na anakata kabla sijajibu. Nilicheka mpaka vijana wa stoo wakaja kuona. Nikampigia. "Mzee, shikamoo. Umeniandikia?" Akasema, "Nikuandikie nini, si niko hapa nje naegesha?"

Hiyo ilikuwa ya kijinga, na nimeitaja kwa sababu inachekesha. Ya hatari ni ile isiyochekesha: inayojua gari gani, kiasi gani, lini. Na hapo ndipo nilipokuja kuona kwamba mwizi wangu wa dola na wale wa "tuma kwenye namba hii" wana mtaji mmoja. Wote hawakuombi hela. Hela umeshaamua kuitoa mwenyewe, kwa mtu wako, kwa sababu zako. Wao wanachoomba ni mabadiliko madogo ya njia. Yule wa meseji anatupa kwa maelfu akitumaini mmoja wao alikuwa anajiandaa kumtumia mtu kodi ya nyumba. Yule wa barua pepe hatupi, amekaa kwako anasoma.

Kwa hiyo mimi siku hizi siangalii kama barua ni nzuri au mbaya. Naangalia kama inahamisha hela. Ikitaja akaunti mpya, namba mpya, tawi jipya, jina jipya la mpokeaji, basi naacha kuisoma na kushika simu. Na sipigi namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo, kwa sababu aliyebadilisha akaunti hashindwi kubadilisha na namba. Napiga ile ya zamani, ya kwenye karatasi ya kwanza. Namba ya yule binti ilikuwa kwenye profoma ya Agosti muda wote, nimeibana na pini kwenye faili. Simu ya dakika mbili. Dukani nimemwomba bosi tuwe na daftari la wauzaji, akaunti na namba zao zimeandikwa kwa kalamu, na akaunti haibadilishwi kwenye daftari mpaka mmoja wetu amesikia sauti. Msafirishaji mmoja alituona washamba. Tukamwambia sawa, sisi washamba, toa sauti.

Paswedi nimezitenganisha, ya barua pepe haifanani na kitu kingine chochote. Nimewasha ule uthibitisho wa hatua mbili, hivyo hata mtu akiiba paswedi simu yangu inaniuliza kwanza. Kila mwisho wa mwezi, nikifunga hesabu, nafungua vichujio na orodha ya vifaa naangalia kama kuna mgeni. Viungo ndani ya barua sibonyezi. Nikiambiwa sanduku limejaa, naingia mwenyewe kwa mlango wangu nikaone. Mpwa wangu amenifundisha pia kusoma anwani za kurasa. Unatafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha unarudi nyuma yake kushoto. Jina lililokaa palepale kabla ya mkwaju ndilo mwenye nyumba. Jina la benki yako likiwa limetangulia mbali huko kushoto, limefuatiwa na nukta na maneno mengine, hapo benki ni mpangaji tu, kama si picha ya mpangaji.

Salio tulilichanga upya. Mama hakusema neno, alinunua khanga moja tu sikukuu ile badala ya doti. Mimi SACCOS nimemaliza mwaka huu. Gari lilifika Januari, likatolewa bandarini, na mdogo wangu akalileta Tanga kwanza mama alione kabla ya kuliingiza kazini.

Wiki iliyopita ameniandikia saa mbili usiku: "Dada laini yangu imezingua, ile hela ya tairi nitumie kwenye hii namba ya mwenzangu." Hela ya tairi ilikuwepo kweli, nilikuwa nimemwahidi. Nikapiga namba yake ya zamani, haipatikani. Nikapiga hiyo mpya. Akapokea, sauti yake, lakini barabarani kuna kelele na siku hizi hata sauti sina imani nayo sana. Nikamuuliza, siku gari lilipofika nyumbani mama alipika nini?

"Dada, niko juani tangu asubuhi…"

"Saa mbili usiku hakuna jua. Alipika nini?"

Akavuta pumzi. "Hakupika. Tulikula chipsi za pale stendi, ukazilipia wewe, halafu ukarudisha chenji ukasema wamekuzidishia mia tano."

Nikatuma.